Dirisha la Boyeri

Bwana Kipampa wa kodi alikuja Jumanne,
futi ya chuma kiunoni, karavata shingoni,
vumbi jekundu la Septemba limempanda magotini.
Alivua kofia mbele ya nyumba kabla ya kunisalimu mimi.

"Iko muzuri, mama. Iko muzuri sana,"
na kidole chake kikafuata ukingo wa baraza
uliopinda kama bega la mtu anayegeuka kuitika.
Kisha akatoa karatasi ya leta, mihuri miwili:
mwenye nyumba ya zamani akiitunza ilivyojengwa,
sakafu, nguzo, milango, madirisha,
atasamehewa nusu ya kodi miaka kumi.

Nusu ya kodi!
Mimi niliyeuza cherehani mwaka juzi kulipia lupango,
mimi ninayeziba malata kwa lami na sala,
nikakaa kwenye ngazi nikahesabu vidole.
Ada ya Kabange hadi amalize chuo.
Bomba la maji.
Jino langu hili.

Jirani wa kulia alikwisha bomoa yake,
akasimamisha ghorofa la vioo vya bluu
linalonirudishia jua usoni kila saa tisa.
"Basi tupime," akasema Bwana Kipampa.

Tukapima. Sebule: ilivyokuwa.
Jikoni: ilivyokuwa (lile jiko la chuma hatukuliondoa, ni zito).
Bafu lenye miguu ya simba: hata ufa wake ni wa kale,
akauandika.
Namfuata na taa, najisifu kama mama wa bibi harusi.

Ndipo tukafika nyuma ya mparachichi.

Boyeri.
Chumba kimoja, hatua tatu kwa nne,
mlango wake unatazama ukuta usije ukaitazama nyumba.
Babu yangu Musoka alilala humu miaka kumi na tisa,
akipiga pasi mashati ya bwana asiyejua jina lake;
alimwita Jozefu, kama alivyomwita aliyemtangulia.
Baba yangu alizaliwa humu, juu ya mkeka,
bibi akiuma kitenge,
kwa kuwa kule mbele kulikuwa na wageni wa chakula cha jioni.

Bwana Kipampa alikunjua ramani.
"Dirisha hapa ni sentimita thelathini kwa ishirini."
Akatazama ukuta. Akatazama ramani.
"Hili lenu ni mita nzima."

Ni mita nzima.
Baba alilivunja kwa nyundo ya kuazima
siku ileile alipokabidhiwa hati.
Hakuanza na sebule, hakugusa baraza.
Alikuja huku moja kwa moja na shati la kanisani,
akapiga, akapiga, mpaka jua likaingia
likaona sakafu ambayo halijawahi kuiona.

"Ulizibe tu, mama. Matofali machache, fundi siku moja.
Nitarudi Ijumaa, niandike: ilivyokuwa."
Alisema kwa huruma. Si mtu mbaya,
niliona anavyoshika kitasa cha zamani, polepole,
kama mkono wa mgonjwa.

Usiku nilikwenda kuketi mle.
Nilipima kwa viganja, thelathini kwa ishirini,
nikachungulia katikati yake:
ukuta, kipande cha bati, nyota hakuna.
Wanasema mwacha asili ni mtumwa.
Na asili ikiwa ndiyo ule utumwa?

Ijumaa alirudi, mchanga haujaletwa.
Nikamwambia, andika: mbele ilivyokuwa,
nyuma ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.
Akaikagua fomu, juu mpaka chini, akaigeuza.
"Haina mstari huo, mama."
"Najua."

Nililipa yote.
Noti zilikuwa kuukuu, zimelainika kama kitambaa,
akazihesabu mara mbili
juu ya kizingiti cha dirisha la boyeri,
maana ndiko kulikokuwa na mwanga.